Nimeiona Orodha, na Wifi Yangu Anataka Kukopa Gari

Somo, shikamoo.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, nimeolewa, nina watoto wawili, na sasa tunaishi Kentucky, Marekani. Mji naomba nisiutaje. Waswahili wa huku tunajuana, na barua hii ikipita kwenye kundi moja tu la WhatsApp watu watajua ni yangu kabla hawajafika katikati.

Mimi ni meneja msaidizi katika mgahawa wa vyakula vya baharini. Si Red Lobster, ile kampuni kubwa ya migahawa ya samaki, ingawa wateja wanatuchanganya nao kila siku. Kampuni yetu ni ndogo kuliko hiyo, ina matawi katika majimbo kadhaa, ila mapambo ni ya aina moja: nyavu ukutani, usukani wa meli, na tangi la kambakoche karibu na mlango ili watoto wachungulie wakisubiri meza. Nilianza kama mhudumu kwa dola 2.13 kwa saa, mengine yote tipu. Nikawa ninafundisha wahudumu wapya, mwisho nikapewa funguo. Kazi hii ndiyo iliyomleta mama yangu kuwaona wajukuu, na ndiyo iliyoezeka nyumba yetu Tanga. Sioni haya kusema naipenda.

Zamani Jumamosi jioni watu walijaa mpaka nje, kila mmoja na kile kidude kinachotetemeka meza ikipatikana. Sasa Jumamosi naweza kuziona meza tupu kutoka jikoni. Herufi mbili za kibao cha nje zimezimika na hakuna anayekuja kutengeneza. Tangi la kambakoche lina maji zaidi kuliko kambakoche. Halafu makao makuu wakaleta ofa ya kamba wa kula mpaka ushibe, siku zote za wiki. Somo, hebu fikiria: watu wawili wanaingia saa kumi na mbili jioni. Wanaletewa kamba wa kukaanga, wanaomba wa kitunguu saumu, kisha wa nazi, kisha wa mshikaki, kisha wanarudi kwa wa kukaanga. Saa tatu wako pale pale. Meza ambayo ingelisha familia tatu inatoa bili moja na tipu ya dola tano. Mhudumu amekwenda jikoni na kurudi mpaka miguu inawaka, kisha ananitazama mimi, kwa sababu mimi ndiye ninayegawa meza.

Kila Jumatatu meneja wa kanda anapiga simu, na maneno ni yale yale: upotevu wa jikoni. Tumeambiwa tupime kamba kwa mizani kabla hawajaingia kwenye mafuta. Tunapima.

Juzijuzi alinitumia barua pepe kuhusu ratiba ya sikukuu. Chini yake, kwenye mlolongo wa barua za nyuma, kulikuwa na jedwali ambalo nadhani hakukusudia nilione. Matawi yote yamepangwa: mauzo, kodi ya jengo, tarehe mkataba wa pango unapokwisha, na safu ya mwisho yenye herufi tu. Herufi ya tawi letu ni ile ile iliyo kwenye matawi mawili ambayo yameshafungwa. Nilimpigia nikamwuliza. Alinyamaza kwanza, kisha akasema hayo ni mapendekezo tu, hayajapitishwa, na akaniomba nisimwambie mtu. Haikupita wiki, akanipigia kunipa umeneja kamili wa tawi, maana meneja wetu ameacha kazi. Mshahara unapanda, na kuna bonasi nikikaa mpaka mwisho wa Machi.

Sasa wifi yangu. Ni mdogo wake mume wangu, ana mtoto mmoja, na mimi ndiye niliyemwingiza kazini. Anapanda mabasi mawili kuja na mawili kurudi, na akifunga shifti ya usiku basi la pili hakuna, inabidi nimrudishe mimi. Amepata gari. Mkopo ni wa miaka sita. Muuzaji ameomba hati za mshahara, na wifi ameniomba niwe tayari kuthibitisha ajira yake wakipiga simu. Alivyofurahi! Ameshanunua mpaka kiti cha mtoto.

Na kuna mama mmoja wa Bukavu anayeosha vyombo, mtu mzima, ananiita mtoto wake. Amepata nafasi kwenye ghala la vifurushi, zamu ya usiku. Alikuja ofisini akafunga mlango, akaniuliza: "Nibakie ao niende?" Nilimwambia anipe siku mbili tatu. Bado ananisubiri.

Mume wangu anataka niache kazi leo, nisomee cheti nikahudumie wazee kama walivyofanya wenzangu wengi. Anasema, "Red Lobster walimalizwa na kamba, na nyie mtamalizwa na kamba." Mimi naona tukibana upotevu na tukiuza vizuri Desemba, ile herufi inaweza kubadilika. Habari ya jedwali sijamwambia. Nikimwambia, dada yake atajua kabla chai haijapoa.

Somo, nikubali umeneja? Nimwambie wifi? Na simu ya muuzaji magari ikilia, niseme nini?

Mwenye Funguo, Kentucky

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma jana nikaisoma tena leo, na kila mara nilipofika kwa yule mama aliyefunga mlango nilisimama. Umeuliza maswali matatu. La nne umelitaja ukalipita, nalo ni mume wako. Tutafika kwake.

Kama nimekuelewa, umeona karatasi ambayo hukutakiwa kuiona, nayo inagusa riziki ya watu wanaokuamini. Aliyekuomba uifiche amekupa cheo siku chache baadaye. Huna hakika kama cheo ni shukrani kwa kazi yako, ni haja ya mtu wa kushika funguo mpaka mwisho, au ni bei ya kunyamaza. Huenda ni yote matatu. Na kati ya watu unaotaka kuwalinda yuko ndugu wa mumeo, ambaye deni lake litakaa mezani kwenu Idi zote zijazo. Si ajabu hulali.

Nianze na simu, maana inaweza kulia kesho. Anayethibitisha ajira kwa kawaida anauliza mambo ya leo: fulani ni mwajiriwa wenu, tangu lini, saa ngapi kwa wiki, analipwa kiasi gani. Haombi utabiri. Ukijibu hayo kwa ukweli hujamdanganya mtu. Hata hivyo wewe ni wifi yake, na kampuni nyingi hutaka maswali kama hayo yajibiwe na ofisi ya wafanyakazi makao makuu. Ukimpa muuzaji namba ya ofisi hiyo, umemwondoa jamaa katika jambo la jamaa, na hakuna atakayesema ulimpendelea au ulimbania. Hilo linatatua simu tu. Muuzaji ana njia zake za kujilinda, wifi hana, kwa hiyo usijipe moyo kwamba ukimaliza na muuzaji umemaliza na wifi.

Sasa nikuombe tukae kidogo kwenye maneno ya mumeo, kwa sababu naona yeye na wewe mnaamini kitu kimoja bila kujua. Yeye anasema kamba watawamaliza. Wewe unasema mkiwabana kamba mtapona. Wote mmeweka jambo zima jikoni.

Magazeti mengi yaliisimulia habari ya Red Lobster hivyo hivyo, kwamba walaji walikula mpaka kampuni ikafilisika. Inachekesha, ndiyo maana ilienea. Lakini tuanze nyuma kidogo. Bill Darden alifungua mgahawa wa kwanza mwaka 1968 huko Lakeland, Florida, mji ulio mbali na pwani, ili watu wa kawaida wale samaki na kambakoche kwa bei yao. Miaka miwili baadaye kampuni ya General Mills ikaununua, nao ukasambaa nchi nzima. Familia nyingi, na za Wamarekani weusi hasa, zilikwenda huko mtoto akihitimu shule au Jumapili baada ya kanisa, na wote walivijua vile vimkate vya jibini vinavyokuja kabla ya chakula. Mwaka 2014 ukauzwa kwa Golden Gate Capital, kampuni ya uwekezaji, kwa dola bilioni 2.1. Wanunuzi wakauza viwanja na majengo ya matawi yapatayo 500 kwa dola bilioni 1.5, na migahawa ikabaki humo humo kama mpangaji. Jiko ni lile lile, mlango ni ule ule, ila kuanzia hapo kila mwezi kuna kodi ya kulipa, wateja waje wasije, kwa mikataba ya miaka mingi.

Baadaye umiliki ukaenda kwa Thai Union ya Thailand, kampuni kubwa ya mazao ya bahari, pamoja na washirika wake. Yaani muuza kamba akawa mwenye mgahawa. Mwaka 2023 ofa ya kamba bila kikomo, ambayo miaka yote ilikuwa ya msimu, ikafanywa ya kila siku kwa dola 20. Watu wakaja. Wakakaa saa tatu, kama wako. (Mimi ofa hizi sizipendi. Mtu anakula ili amshinde mwenye duka, na anayechoka ni mbeba sahani.) Kampuni yenyewe ilieleza mahakamani kwamba ofa ile iliigharimu dola milioni 11. Hesabu hizo hizo za mahakamani zinaonyesha kuwa kodi za pango za mwaka 2023 zilikuwa karibu dola milioni 190, na zaidi ya milioni 60 katika hizo zilikwenda kwenye matawi yasiyofanya vizuri. Weka 11 kando ya 190. Ongeza kwamba wateja walikuwa wamepungua kwa karibu asilimia 30 tangu 2019. Mei 2024 kampuni yenye wafanyakazi wapatao 36,000 ikaenda mahakamani Florida kuomba kinga ya Sura ya 11 ya sheria ya kufilisika, ile inayoiacha kampuni iendelee na kazi huku ikipanga upya madeni yake, ikiwa na deni la zaidi ya dola bilioni moja.

Rudi sasa kwenye jedwali ulilosoma. Safu ulizozitaja mwenyewe ni mauzo, kodi, tarehe ya mwisho wa pango, herufi. Je, kulikuwa na safu ya upotevu wa jikoni? Hukuitaja. Inawezekana ipo hukuikumbuka. Inawezekana pia kwamba kila Jumatatu mnaulizwa habari ya kamba kwa sababu kamba ndicho kitu pekee ambacho meneja wa kanda anaweza kukiamrisha kwa simu. Kodi haamrishi. Mimi sijui kampuni yenu inadaiwa kiasi gani, wala sisemi Desemba nzuri haisaidii kitu. Nakuuliza tu: kama herufi ile imetokana na tarehe ya mkataba wa pango, nani amekwambia kwamba mizani ya kamba inaweza kuifuta? Naona umebeba hatia ya jengo lisilo lako. Na hatia hiyo ikikaa sana itakufanya uwakaripie wahudumu kwa kamba watatu waliozidi kwenye sahani.

Wala usidhani herufi ni hukumu. Red Lobster ilifunga matawi mengi, lakini Septemba mwaka ule ule ilitoka mahakamani ikiwa na wamiliki wapya wakiongozwa na kampuni ya uwekezaji ya Fortress, na mkurugenzi mpya, Damola Adamolekun, mzaliwa wa Nigeria. Zaidi ya matawi 500 yalibaki. Wapo wahudumu waliokimbia mapema kutoka matawi ambayo hayakufungwa. Wapo pia waliokuwa na matumaini mpaka wiki ile ya Mei ambapo makumi ya matawi yalifungwa kwa ghafla, na vifaa vya jikoni, friza, viti na meza vikapigwa mnada mtandaoni. Baadhi yao walipata habari siku hiyo hiyo.

Ndiyo maana nataka kuzungumza juu ya umeneja kwa makini kuliko furaha au hasira. Cheo ni cha kweli. Kikiandikwa kwenye wasifu wako, hakuna atakayekufuta hata tawi likifungwa, na meneja wa mgahawa anapata kazi penginepo kwa urahisi kuliko msaidizi. Nyongeza ya mshahara nayo ni ya kweli kila wiki unayolipwa. Bonasi ni habari nyingine. Kabla hujasema ndiyo, iombe kwa maandishi, kisha isome ukiwa umekaa. Inasemaje tawi likifungwa Februari? Inasemaje wakikupunguza wao kabla ya Machi? Na kampuni ikienda mahakamani, mshahara ambao haujalipwa una kipaumbele mpaka kiwango fulani kilichowekwa na sheria, ila ahadi za bonasi zinaweza kukwama kwenye foleni ndefu. Meneja wa kanda akikataa kuandika, utakuwa umejua jambo.

Kuna upande wa cheo ambao haumo kwenye barua ya ajira. Siku ya kufunga, meneja ndiye anayewakusanya watu karibu na mashine ya soda na kuwasomea karatasi. Utakuwa wewe, wifi akiwa mbele yako. Wako watu ambao hilo ndilo linalowafanya wakubali, wakisema afadhali wasikie kwangu kuliko kwa mgeni kutoka makao makuu. Wako ambao hawawezi. Wewe ni yupi? Jibu hilo silijui, na naomba usilijibu kwa haraka.

Kuhusu kuacha leo kama anavyotaka mumeo, kuna hatari ambayo huenda hajaipima. Anayeacha kazi mwenyewe kwa kawaida hapati mafao ya kukosa kazi. Anayepunguzwa kwa sababu tawi limefungwa kwa kawaida anapata, akitimiza masharti ya jimbo. Nimesikia wenzetu wakiogopa kuyaomba wakidhani yatawaharibia makaratasi ya ukaazi. Hii ni bima inayotokana na kazi, waajiri wameichangia, haihesabiwi kama kuwa mzigo kwa serikali. Mwenye kibali halali cha kazi na aombe. Angalia pia bima ya afya: watoto wamo katika ya nani? Ukiipoteza iliyo ya kazini una siku 60 za kujiandikisha katika soko la bima la serikali, na siku hizo huwa zinapita mtu angali anaomboleza kazi.

Ipo pia sheria ya WARN ya mwaka 1988, inayowataka waajiri wenye wafanyakazi 100 au zaidi watoe notisi ya siku 60 kabla ya kufunga. Usiiegemee mno. Inahusu sehemu moja ya kazi inayopoteza ajira 50 au zaidi, na wanaofanya chini ya wastani wa saa 20 kwa wiki hawahesabiwi, wala wale ambao hawajafikisha miezi sita. Hesabu watu wa tawi lako uone mnabaki wangapi. Mgahawa mmoja mara nyingi unapenya hapo katikati.

Sasa wifi.

Unaweza kumwambia yote. Deni la miaka sita si dogo, na ukweli wake ungempa nafasi ya kuchagua. Lakini atakachopewa si hakika, ni herufi moja ndani ya jedwali ambalo msimamizi amekana kuwa limepitishwa. Akimwambia rafiki yake wa shifti, kufikia Ijumaa nusu ya wahudumu wanatafuta kazi, na tawi lisilo na wahudumu halihitaji jedwali ili lifungwe. Wewe nawe unaweza kufukuzwa kwa kutoa siri, na aliyefukuzwa kwa kosa anaweza kukosa bonasi na mafao pamoja. Halafu gari akiliacha, na tawi lisifungwe, atakukumbuka kila asubuhi akiwa kituoni.

Unaweza kunyamaza kabisa. Sheria ya kazini itakusifu. Lakini mkopo ukisainiwa Novemba na mlango ukafungwa Februari, siku moja atajua kwamba ulijua. Habari za namna hii hazifichiki kwa mawifi. Sijui kama ndugu wa mumeo ni watu wa kusamehe hilo, wewe ndiye unayewajua.

Kuna nafasi katikati, na naona hujaitazama, kwa sababu umeichukulia karatasi na hali ya mgahawa kuwa siri moja. Karatasi ni ya kampuni. Hali ya mgahawa haina siri. Herufi zilizozimika kwenye kibao anaziona kila mtu anayeegesha gari. Meza tupu za Jumamosi wifi anaziona kabla yako, na tipu zake anazihesabu yeye usiku, si wewe. Je, una hakika hajui? Mtu anayehudumia meza za kamba mpaka ushibe anajua biashara inakwendaje kuliko makao makuu. Inawezekana anakopa gari kwa sababu anajua, ili awe na uwezo wa kufika kazi nyingine siku hii ikiisha. Hapo gari si anasa inayotegemea kazi. Hukumuuliza.

Muulize, basi, maswali ambayo shangazi au dada yeyote angemuuliza mtu anayekopa, awe anafanya kazi kwenye mgahawa unaojaa au unaokauka. Malipo ya mwezi ni kiasi gani, na bima ya gari je? Tipu zikipungua kwa theluthi, atalipaje? Riba ni ngapi? Kuna gari kuukuu zaidi ambalo angelilipa kwa miaka mitatu? Nani ametia sahihi ya udhamini, si mume wako? Kama ni mumeo, basi hili ni deni la nyumba yako pia, na una haki ya kulizungumza ukiwa mke, bila kofia ya umeneja. Unaweza kumwambia, kama maoni yako mwenyewe: "Mimi biashara ya hapa siioni nzuri, mkopo wa miaka sita unanitia hofu." Hilo ulilijua kabla ya barua pepe ile.

Nikuonye kidogo. Ukiliongea ukiwa na uso wa mtu aliyeficha kitu, atakuuliza, "Wifi, kuna unalolijua?" Ujiandae kwa swali hilo kabla ya kuanza mazungumzo. "Kuna mambo ya kazi nisiyoweza kuyasema" ni jibu la kweli, ila linasema mengi. "Hakuna" ni uongo. Pima wewe ni lipi unaloweza kuishi nalo.

Yule mama wa Bukavu ni tofauti, maana yeye ameuliza. Na hakuuliza habari za orodha. Ameuliza kama abaki au aende, na ana nafasi mkononi ambayo haitamsubiri. Kuna umbali mkubwa kati ya kumfunulia jedwali na kumwambia, "Mama, mimi siwezi kukuahidi kazi ya hapa, na siwezi kukwambia ukatae nyingine." Meneja yeyote mwaminifu anaweza kuyasema hayo mwezi wowote. Zamu ya usiku ina mateso yake kwa mtu wa umri wake: mgongo, baridi, nani atamrudisha alfajiri. Hayo mpe nafasi ayaseme, huenda anachotaka kwako ni kusikilizwa akiyapima. Ila kila siku unayomsubirisha, ghala linaweza kuchukua mtu mwingine, na hapo utakuwa umemwamulia bila kutaka.

Nimefika kwa mumeo. Umeamua kwamba hawezi kutunza siri mbele ya dada yake, na pengine una sababu ambazo hukuziandika. Lakini angalia ulivyo sasa: yeye anakushauri uache kazi bila kujua jedwali lipo, nawe unamkatalia bila kumwambia kwa nini umesita. Mnabishana juu ya kamba. Ungeweza kumwambia kwanza kwamba una jambo la kazini, kwamba likitoka utafukuzwa, na umuulize kama anataka kulibeba kwa masharti hayo. Akisema hataki, amekuambia ukweli. Akikubali, angalau wawili mtakaa na hesabu halisi: kozi ya kuhudumia wazee ni bei gani, inaanza lini, inaweza kusomwa jioni ukiwa bado na funguo? Sioni kwa nini kusoma na kubaki viwe vitu viwili visivyokutana. Hatari ipo, anaweza kuteleza ulimi. Ya kuendelea peke yako umeshaanza kuionja.

Ukipata barua ya bonasi niandikie uniambie imesema nini kuhusu tarehe ya Machi, na kama kuna sentensi yoyote juu ya kufungwa kwa tawi. Jina la kampuni libaki kwako. Na yule mama mwite ofisini leo, hata kama bado hujajua utamwambia nini wifi.

Wako,
Somo